Faili Isiyofungwa ya Apollónia

Csernák Vendel, mwana wa Csernák Ambrus, mjukuu wa Csernák Borbála. Borbála ndiye aliyeongoza nyimbo za mkesha mwaka wa homa kubwa, padri akiwa kitandani na majeneza yakingoja zamu. Nusu ya mtaa wa juu ilizikwa kwa sauti yake peke yake. Ambrus alichimba mashimo ya nguzo za umeme kijiji kizima, na kila nyumba iliyofikiwa na waya alikataa kuwasha taa mwenyewe, akamwita mama mwenye nyumba aje abonyeze kwa mkono wake. Dada yake Ambrus, Apollónia, alirithi sauti ya Borbála. Vendel hakurithi sauti. Akiimba kanisani watu hugeuka kutazama kama kuna mlango umeachwa wazi. Yeye alirithi nyaya za baba yake.

Namwandika mimi kwa sababu tumeishi uzio mmoja tangu tukiwa na meno ya utoto, na kwa sababu siku hizi watu wanasahau upesi mno. Shule nilisoma ya msingi, nikaimaliza yote, na nilichokiona hakijanitoka.

Vendel alikuwa fundi wa redio na televisheni wa ushirika wa wakulima. Alitengeneza kipaza sauti cha mwenyekiti, na jioni hiyohiyo akatengeneza cha padri, wala hakuona haja ya kumweleza mmoja habari za mwenzake. Hakuoa. Wanawake walimpenda, ila alikuwa mtu wa kunyamaza katikati ya mazungumzo na kutazama ukuta, na si kila mwanamke anavumilia kushindana na ukuta. Mwaka ule serikali yetu ya kikomunisti ilipotupa kwa mara ya kwanza pasipoti za kwenda popote, watu walipanda basi kwenda Vienna, wakarudi na majokofu juu ya paa. Vendel alirudi na kompyuta ya Commodore, na kisanduku cha kusomea diski kizito kama tofali. Nilimuuliza nyama ataweka wapi kiangazi. Akasema ataila upesi.

Mjini kulikuwa na klabu ya watu wa kompyuta waliokutana jumba la utamaduni. Wengi walicheza michezo. Vendel alipata huko diski iliyonakiliwa mkono kwa mkono kutoka Ujerumani, ndani yake mna lugha ya kuandikia programu iitwayo C, herufi moja tu. Kwa mashine ndogo ile lugha hiyo ilikuwa mzigo. Unaandika, unatoa diski, unatia nyingine, unangoja igeuze maandishi yako kuwa kitu ambacho mashine inakielewa, unabadilisha tena, unangoja tena. Ukisahau alama moja ndogo mwisho wa mstari, unaanza upya. Nilimwona akimenya viazi vya chakula cha mchana huku akiingojea. Nilipomuuliza kwa nini hatumii lugha rahisi iliyokuja na kompyuta yenyewe, alisema hii haimbembelezi mtu. Ukifungua faili, kuifunga ni juu yako. Usipoifunga haikukumbushi.

Kilichomvuta zaidi kilikuwa hicho cha faili: kuchukua maneno yaliyo kwenye skrini, yanayopotea ukizima, na kuyaweka kwenye diski yakae. Na maneno ya kuweka alikuwa nayo karibu.

Mtaa wetu wa juu ni wa Wakatoliki, na mtu wetu haendi kaburini bila beti za kuaga. Beti hizo husomwa jeneza likiwa bado uani, kwa sauti ya marehemu mwenyewe, kana kwamba ndiye anayesema: namuaga padri, namuaga mume wangu, namuaga mwanangu fulani, kila mmoja kwa jina lake na kwa mpangilio wake, hadi jirani wa mwisho. Aliyeachwa kutajwa, kijiji kizima kinajua kaachwa. Nimeshuhudia mtu akihama kijiji kwa sababu hiyo. Na mtunzi wa beti hizo, tangu Borbála afariki, alikuwa Apollónia.

Basi Vendel alimkalisha shangazi yake mbele ya televisheni iliyotumika kama skrini ya kompyuta, naye Apollónia akawa anasema na Vendel anaandika: ubeti wa mume, ubeti wa mtoto aliye mbali, ubeti wa mama wa ubatizo. Zote zikaingia kwenye faili. Mtu akifariki, programu ilifungua faili, ikasoma beti zilizohitajika, ikaweka majina mahali pake, ikaandika faili mpya, na printa ikapiga kelele kama mashine ya kupura ngano. Apollónia alicheka mwanzoni. Alisema amezaa mtoto wa bati. Baadaye akaizoea, akajifunza kuandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana herufi kwenye televisheni zilikuwa kubwa kuliko za kitabu cha misa.

Sasa nije kwa Hermina.

Hermina ni binti wa Apollónia, mkubwa kuliko ndugu yake Gáspár. Aliolewa mtaa wa chini, kwa Wakalvini, ndio Waprotestanti wetu. Hilo lenyewe halikuwa neno, watu wameoana tangu zamani: wavulana hufuata kanisa la baba, wasichana la mama, na amani inakuwepo. Hermina alizaa msichana, akambatiza kwa Wakalvini. Sababu alikuwa nazo, mama mkwe alikuwa mgonjwa na mtoto naye alikuwa mgonjwa, na mchungaji ndiye aliyekuwa karibu. Lakini Apollónia, kiongozi wa nyimbo, alisimama mlangoni pa kanisa, watu wanasikia, akasema jina la Hermina halitatamkwa juu ya jeneza lake yeye mama. Tangu siku hiyo walipishana njiani kama watu wa nchi mbili. Mtoto alikua, akaenda shule, bibi yake akawa anamtazama kupitia pazia.

Kiangazi kile Apollónia alianza kuchoka. Siku moja alimwambia Vendel ampe funguo za nyumba yake, aende zake ushirika, asirudi mapema. Anataka kuandika beti za kwake mwenyewe, na kwetu hakuna anayezisikia beti za mtu kabla ya siku yenyewe. Vendel alimwekea diski, akamwonyesha tena: andika mstari, bonyeza, andika mstari, na ukimaliza kabisa bonyeza kitufe hiki ili faili ifungwe, halafu ngoja taa nyekundu izimike.

"Mwanangu, nimezika watu kabla hujazaliwa," Apollónia akamwambia. "Kufunga naweza."

Mchana kutwa nilimwona dirishani, kidole juu, kidole chini. Alasiri likaja wingu kutoka upande wa mto Tisza, ngurumo ikapiga, na sote mtaani tukafanya tunachofanya siku zote: tukachomoa kila kilichokuwa ukutani. Redio, jokofu, pasi. Watoto wetu hujifunza hilo kabla ya ishara ya msalaba. Apollónia alitoka uani kuanua nguo, nami nikianua zangu, nikamuuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza yote," akasema. "Nimesema yote, Terka." Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Kisha mvua ikatutenganisha.

Alifariki kabla ya wiki kwisha, usingizini.

Vendel aliingia chumbani mwake kutafuta faili ili aipige chapa. Nilikwenda naye, maana mwili ulikuwa umeoshwa na sikuwa na kazi nyingine ya mikono. Orodha ya diski ikatokea kwenye skrini. Faili ilikuwepo, jina lake lipo, lakini ukubwa wake ulikuwa sufuri, na mbele ya neno linalotaja aina ya faili palikuwa na kinyota. Vendel akaisoma orodha upya tangu juu. Halafu akaniuliza kama ile siku ya ngurumo shangazi alichomoa waya.

Nikamwambia kila mtu alichomoa.

Akanieleza polepole, kama anajieleza mwenyewe. Maneno unayoandika hayaendi moja kwa moja kwenye diski. Hukusanyika kwanza mahali padogo ndani ya mashine, kama mchuzi kwenye upawa. Upawa ukijaa ndipo unamiminwa. Kufunga faili ni kumimina kile kilichobaki kwenye upawa na kuiandikia diski kwamba hapa ndipo mwisho. Shangazi hakufunga. Diski haijui faili inaishia wapi, kwa hiyo inasema haina kitu.

Alikwenda posta akampigia simu Dezső, mwenzake wa klabu ya kompyuta. Dezső alisema kila mwanaklabu anajua dawa ya kinyota: ipe diski amri ya kujisafisha, faili mbovu itaondoka, diski itakuwa nzima. Ndivyo walivyofanya wote, na Vendel mwenyewe alikuwa amezisafisha nyingi. Gáspár naye, aliyekuja kuuliza habari za mazishi, aliposikia alisema ni sawa, isafishwe, padri aseme maneno machache na yatoshe. Nilimwona ameshusha pumzi. Gáspár hakuwa mtu mbaya; alikuwa amekaa upande wa mama yake miaka yote ile na hakutaka kuambiwa kwamba upande wenyewe umehama.

Hermina hakuja. Alituma binti yake, msichana mrefu tayari, aje aniulize mimi, si mwingine, kama mama yake ametajwa. Nikamwambia hatujui. Msichana akauliza lini tutajua. Vendel alikuwa mlangoni, akasikia.

Akarudi ndani, akachukua utepe wa rangi ya fedha akabandika juu ya pengo la ubavuni mwa diski, ili mashine isiweze kuandika chochote juu yake hata kwa bahati mbaya. Alikuwa amewahi kusoma kwamba kuna namna ya kufungua faili ambayo si ya kuandika wala ya kusoma kwa kawaida, namna ya kuiambia diski: najua haijafungwa, nipe hivyohivyo ilivyo. Ni herufi moja tu ya kuongeza nyuma ya jina. Aliandika programu fupi, akabadilisha diski zake, akangoja. Safari hii hakumenya kitu. Kisha taa nyekundu ikawaka, na Apollónia akaanza kusema.

Sitayaandika yote hapa, yamekwisha semwa mahali pake. Alimuaga padri. Alimuaga mumewe aliyetangulia, akamwambia asogee. Alimuaga Gáspár kwa beti mbili na mkewe kwa moja. Alimuaga Vendel, "mwana wa kaka, fundi wa kimya." Alituaga majirani, na mimi alinitaja kwa jina na kwa bata wangu waliokula kabichi zake. Kwetu majirani ndio wa mwisho. Baada ya majirani husemwa amina. Lakini mstari mwingine ukaja:

*Wa mwisho wa wote, sasa nakujia,*
*wewe*

na baada ya neno hilo, palepale bila nafasi:

*lie tena, radhi nimekupa,*
*mlango ni wako, funguo nakupa.*

Nilikaa kitini. Nikamwambia Vendel, umeona, amemsamehe. Lakini nilipokuwa nikilisema, kumbukumbu yangu ikanishika mkono. "Usilie tena, radhi nimekupa." Niliyasikia maneno hayo uani kwa marehemu Kapás, mwenye kinu, alipomuaga kijana wake aliyetoroka jeshi. Nilisimama karibu na kisima, na mkewe aliangusha kitabu cha nyimbo.

Vendel alikuwa amekwisha jua. Diski haifuti, alisema. Ukiiambia ifute, inasahau tu kwamba mahali pale pana kitu. Beti za Kapás alizifuta mwaka juzi. Shangazi alipoandika, diski ilimtengea mahali pale palipokuwa pa Kapás, lakini upawa wa mwisho haukumiminwa. Yake yaliishia kwenye "wewe." Yanayofuata ni ya maiti mwingine.

"Na nani anajua?" nikamuuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi weka herufi nne mbele ya hilo 'lie', Vendel. U, s, i, basi. Hata nne hazifiki. Msome vizuri, Hermina alale."

Nikamwambia tena kwamba mama yake Hermina angesema hivyohivyo, kwamba Apollónia mwenyewe alitumia beti zilezile kwa watu mbalimbali, ndiyo kazi yenyewe ya beti. Nilikuwa na haki, na mpaka leo sidhani nilikosea kulisema.

"Kapás alimpa mwanawe," akasema hatimaye. "Shangazi alimpa Hermina kitu. Sijui ni nini. Nikimpa cha Kapás, cha shangazi ndiyo kimekufa kabisa."

Jioni alikwenda mtaa wa chini, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu harusi ya Hermina, nami nikafuatana naye nikiwa na sahani ya mikate midogo ya mafuta ya nguruwe, maana huingii kwa watu mikono mitupu. Hermina alikuwa anapika supu ya maharage. Vendel alimweleza kila kitu akiwa amesimama: ngurumo, waya, kinyota, Kapás. Alimpa karatasi iliyokatwa baada ya neno "wewe." Hermina alikaa nayo.

"Kaka Vendel," akasema, "labda alikuwa ananitukana."

"Labda."

"Ungeweza kusema hapana. Ungepungukiwa nini?"

"Ningesema, ungeniamini leo. Kesho ungeanza kuniuliza."

Hermina akamtazama kwa hasira, nikadhani atatufukuza. Akaenda kukoroga supu. Akiwa ametupa mgongo alisema Csernák wote ni watu wagumu, na kwamba mama yake angalau alijua kuimba. Kisha akatoa bakuli za wageni.

Mazishi yalikuwa siku ya joto. Jeneza uani, Wakatoliki upande wa kisima, na watu wa Hermina nje ya lango, barabarani, kwa sababu hawakujua kama wameruhusiwa kuingia. Msomaji alipaswa kuwa mwenye sauti, lakini mwenye sauti ndiye aliyekuwa jenezani, kwa hiyo alisoma Vendel, na sauti yake ile ya mlango. Gáspár alikuwa amemwambia mapema aishie kwa majirani. Vendel alisema atasoma kilichopo.

Akasoma. Padri, mume, Gáspár, mke wa Gáspár, yeye mwenyewe bila kuinua macho, majirani, bata wangu. Watu wakacheka kidogo na kulia kidogo. Wakajiandaa kusema amina. Vendel hakusimama.

"Wa mwisho wa wote, sasa nakujia, wewe," akasoma.

Akakunja karatasi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba shangazi aliandika zaidi ya hapo na alimaliza, ila yaliyobaki hayakufika kwenye diski, na kosa ni la programu yake yeye, siyo la marehemu.

Niliona watu wanafanya nilichokuwa nikifanya mimi: wanahesabu. Padri ametajwa. Mume ametajwa. Ndugu, wakwe, majirani, wote wametajwa. Midomo inacheza, vidole vinakunjwa. Kila mmoja alifika mwisho wa hesabu yake kwa wakati wake, na kila aliyefika aligeuza kichwa kuelekea lango.

Gáspár alikuwa wa mwisho kugeuka. Alimtazama dada yake kwa muda. Kisha akaenda, akafungua lango, akabaki amelishika. Hermina akaingia na watu wake. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha jeneza.

"Alikuwa amefika kwangu," akasema.

Ndipo tukasema amina.

Baada ya hapo nilidhani Vendel ataiacha kompyuta. Aliacha kwa muda, akatengeneza redio za watu. Nilipomletea tambi za mbegu za mpopi siku moja ya Ijumaa nilimkuta ameanza tena, diski zimezagaa. Alikuwa anaiandika upya programu. Sasa kila mstari mmoja ukiandikwa, programu inafungua faili, inauweka mwishoni, inafunga. Mstari mwingine: inafungua, inaweka, inafunga. Taa nyekundu haikupumzika, na kati ya mstari na mstari unangoja hata unaweza kukuna sikio. Dezső wa klabu alipoiona alimcheka, akasema hakuna anayeandika hivyo, utaiua diski kwa kazi. Vendel alimwambia diski zinanunuliwa.

Hermina alianza kupita kwa Vendel siku za soko. Mwanzoni alisema anakuja kuangalia kaburi, kisha akaacha kutafuta sababu. Aliketi kwenye kiti cha mama yake mbele ya televisheni, akasoma beti za zamani moja moja, na alipochoka kuzisoma kimoyomoyo alizisoma kwa sauti, na kutoka sauti akateleza kwenye wimbo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uzio nikinyonyoa bata. Niliacha kunyonyoa. Ilikuwa sauti ya Borbála, sina shaka, nilikuwa msichana mdogo lakini niliisikia.

Vendel naye alisikia. Alitoka uani, akazunguka zunguka kama mtu aliyepoteza bisibisi. Kisha akaingia, nami nikasogea karibu na dirisha, sioni aibu kulisema.

Alimwambia kwamba kijiji hakina mtunzi wala kiongozi wa nyimbo, na yeye mashine anaiweza lakini maneno hayawezi. Hermina alisema mtaa wa juu hautamkubali mwanamke wa Kikalvini. Vendel akasema yeye si Mkalvini, ni Hermina wa Apollónia, na lango lilifunguliwa mbele ya watu wote. Hermina akasema hajui pa kuanzia.

"Usingoje mtu afe," Vendel akamwambia. "Nenda ukae nao wakiwa hai, wakuambie wanataka kumuaga nani na kwa maneno gani. Andika mstari, acha ufungwe, ndipo uulize mwingine."

"Nianze na nani?"

Vendel alichomoa diski mpya kutoka kwenye mfuko wake wa karatasi, akaitia kwenye mashine na kufunga kile kidude cha mbele.

"Na Gáspár," akasema. "Nimekwisha mwambia. Atakuja Jumapili baada ya misa, na anasema anataka kuanza na dada yake."